Kotesheni ya Madirisha

Kotesheni ya kwanza ilikuwa dola 31,790 kwa madirisha 17. Aliyeileta alikaa mezani kwetu tangu jua linazama mpaka watoto wakalala, akanywa chai ya tangawizi, akasifia vitumbua vya mke wangu, na alipofika kwenye bei aliandika kwanza dola 46,000 na ushei. Akaikata kwa mstari. Akaandika nyingine, nayo akaikata. Akampigia simu bosi wake, akazungumza kwa sauti ya mtu anayeniombea msamaha, kisha akaizungushia duara ile ya mwisho. Bei hiyo, alisema, ni ya usiku huu tu, kesho imeshapanda.

Mimi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga. Kwetu muuzaji anayekupunguzia kabla hujafungua mdomo humwulizi tena bei. Unaanza kuikagua bidhaa. Nilimshukuru, nikamsindikiza hadi kwenye gari lake, na karatasi yake nikaibandika kwenye friji kwa sumaku. Hiyo ilikuwa mwaka 2024, majani ya miti yameanza kugeuka rangi, na nyumba yetu ilikuwa imetimiza miaka 100.

Iko kusini mwa Minneapolis, jimbo la Minnesota, kuta zimepigwa lipu kwa nje kama nyumba nyingi za mtaa huu. Madirisha yake yalikuwa yale yale ya tangu siku ya kwanza: ya mbao, ya kupandisha na kushusha, kioo kimoja, na upande wa nje palikuwa na dirisha la pili la alumini la kukinga dhoruba, lililoongezwa na mwenye nyumba fulani miaka mingi baadaye. Wenyeji humwambia mgeni kwamba Januari ya huku wastani wake ni kama nyuzi 9 za Selsiasi chini ya sifuri, na mgeni hudhani ameelewa. Wastani hauumi. Kinachouma ni siku kama ile ya 30 Januari 2019, kipimo cha uwanja wa ndege kiliposhuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri, na hapo upepo haujahesabiwa.

Siku za namna hiyo dirisha bovu halikubali kusahauliwa. Mke wangu akibandika maharage, mvuke wake unakwenda moja kwa moja kwenye kioo cha jikoni na kuganda hapo hapo. Barafu inaanzia pembe za chini na kupanda. Mchana jua likipiga inayeyuka, maji yanashuka kwenye ubao, rangi inavimba na kubanduka. Usiku ubao unagandamana na fremu, dirisha halifunguki hata ukilisukuma kwa bega. Kila mwaka tulikuwa tukinunua ile karatasi ya plastiki inayobandikwa kuzunguka fremu na kukazwa kwa mashine ya kukaushia nywele. Inasaidia kweli, sitaidharau. Ila upepo mkali ukivuma inavimba na kunywea, ukiwa umelala unasikia nyumba inahema.

Nyumba ya baba yangu madirisha yake yalikuwa ya vioo vya luva, nondo kwa ajili ya wezi na wavu kwa ajili ya mbu, na katika gharama zote kilichompa mzee mawazo ni nondo. Hakuna fundi wa Ngamiani aliyewahi kutuuliza joto la nyumba linatokea wapi. Sote tulikuwa tukiomba litoke.

Kwa hiyo nilianza kujifunza dirisha nikiwa mtu mzima, na mwalimu wangu wa kwanza alikuwa yule kijana wa vitumbua. Sitaki kumfanya jambazi. Alikuwa na adabu, na mambo mengi aliyosema yalikuwa kweli. Kweli kwamba dirisha la kisasa lina vioo viwili au vitatu, katikati imejazwa gesi ya argoni inayopitisha joto kwa taabu kuliko hewa ya kawaida, na kwamba kioo kimoja hupakwa utando mwembamba wa metali usioonekana kwa macho, unaorudisha joto lilikotoka. Kweli pia kwamba kila dirisha jipya linalouzwa Marekani na kampuni inayojiheshimu lina kibandiko chenye kipimo cha U, na kadiri namba hiyo inavyokuwa ndogo ndivyo joto linavyotoroka polepole. Kioo kimoja kitupu kinakaribia 1. Kioo kimoja chenye dirisha la dhoruba kwa nje kinashuka hadi karibu nusu ya hapo. Vioo viwili vyenye argoni na utando hucheza kwenye 0.27 au 0.30, na vitatu vyaweza kufika 0.20 au chini zaidi. Nilizinakili namba hizi nyuma ya karatasi yake mwenyewe, na hizo ndizo zilizokuja kuishushia hadhi kotesheni yake.

Lakini alikuwa na kisanduku. Ndani yake kuna taa kali ya joto, mbele unaweka kipande cha kioo cha zamani, unasogeza kiganja nyuma yake na kuungua. Halafu anaweka kioo cha kampuni yake, unasogeza kiganja na hakuna kitu. Mke wangu alijaribu, nami nikajaribu, mtoto wetu mdogo akajaribu akashangilia. Ni onyesho zuri sana, kwa mtu anayeishi jangwani Arizona. Lile joto la taa ni mfano wa jua linalotaka kuingia ndani, na Minneapolis mwezi wa Januari jua linaloingia kwa dirisha la kusini ni kuni za bure. Hakuna mwenye akili anayelizuia. Kwenye kile kibandiko kuna namba nyingine inayoeleza dirisha linaruhusu jua kiasi gani, na ya huku inafaa iwe kubwa upande wa kusini. Hilo kisanduku hakilisemi.

Niliwapigia simu wenzangu. Huku kwetu jamii ya Waafrika Mashariki ni kubwa, Wakenya wengi wako upande wa Brooklyn Park, kaskazini mwa mji, na miongoni mwao yupo mwanaume mmoja wa Kisii ambaye mke wake na mke wangu wanaitana dada, basi sisi tumekuwa mashemeji bila mahari. Amefanya kazi ya ujenzi tangu afike. Nikamsomea kotesheni yote kwa simu.

"Shemeji," akasema, "dirisha lenyewe hapo ni kama mia nne, mia tano. Zilizobaki unalipia tangazo la televisheni, kamisheni ya huyo kijana, na hiyo simu aliyompigia bosi."

Hakuwa mbali na ukweli. Dirisha la vinili lenye vioo viwili, la kipimo cha kawaida, dukani linapatikana kwa dola 200 hadi 500. La faibaglasi au la mbao iliyofunikwa alumini, lililotengenezwa kwa kipimo chako, hupanda hadi dola 600, 900, hata zaidi ya 1,200. Kazi ya kulifunga nayo ina bei yake, na inategemea kitu ambacho wengi hawakiulizi: linachomekwa ndani ya fremu ya zamani, au fremu yote inang'olewa mpaka kwenye ukuta? La kuchomeka ni rahisi na la haraka, ila kioo kinapungua ukubwa na ubovu wa fremu ya zamani unabaki umefunikwa. La kung'oa ni ghali, linabomoa lipu na kuharibu rangi, ila unaona kilichooza na unaziba pale hewa inapopita. Kotesheni yangu ya dola 1,870 kwa dirisha ilikuwa ya kuchomeka. Sentensi inayosema hivyo ilikuwa ukurasa wa tatu, kwa herufi za chungu.

Kampuni ya pili, ya watu wa hapa hapa mjini, ilikuja na dola 19,400 kwa vinili ya daraja la kati. Wa tatu alikuwa seremala mmoja mzee, nitamfikia.

Kabla ya hapo niseme juu ya malipo, maana hapo ndipo watu wetu wengi huumia. Yule kijana alikuwa na njia mbili. Ya kwanza: miezi 12 bila riba. Tamu masikioni, lakini katika mikopo mingi ya aina hiyo, ukibakiza deni mwezi wa mwisho, riba yote inarudi kuhesabiwa tangu siku ya kwanza, kwa kiwango cha kadi ya mkopo. Ya pili: miaka 10 kwa asilimia 9.99. Aliitaja kama dola 420 kwa mwezi, na kweli ukiisikia hivyo unaanza kutafuta utapunguza nini kwenye bajeti. Mke wangu, ambaye nyumba yenyewe alikubali tuinunue kwa murabaha tu, yaani bila riba, alichukua simu yake akazidisha mbele ya mgeni: 420 mara 120. Akamwonyesha kioo cha simu. Dola 50,400. Kijana akasema ndiyo, mama, lakini mtaokoa kwenye gesi.

Basi tukaenda kwenye gesi. Idara ya Nishati ya Marekani husema kwamba joto linaloingia na kutoka madirishani hubeba asilimia 25 hadi 30 ya nishati ya kupasha na kupoza nyumba. Sisi tulikuwa tukilipa kama dola 1,300 kwa mwaka kupasha nyumba joto. Chukua asilimia 30 kamili: dola 390. Dirisha jipya halizibi upotevu wote. Kwa zile namba za U, ukitoka 0.5 kwenda 0.28 unaokoa chini kidogo ya nusu. Tuwe wakarimu, tuseme nusu. Ni dola 195 kwa mwaka. Gawa 31,790 kwa 195: miaka 163. Hakuna dirisha la vinili litakaloishi miaka 163. Gundi inayoshika vioo viwili pamoja ikichoka, argoni hutoka, unyevu huingia katikati na kioo kinakuwa na ukungu usiofutika, na hilo laweza kutokea mtoto wako kabla hajamaliza chuo. Dhamana ya "maisha" mara nyingi italeta kioo kingine bure. Fundi wa kukifunga utamlipa mwenyewe.

Palikuwa na punguzo la kodi pia, na alilitaja kana kwamba linatoka mfukoni mwake. Sheria iliyopitishwa 2022 iliruhusu mwenye nyumba kupunguziwa kodi ya serikali kuu asilimia 30 ya bei ya madirisha, isizidi dola 600 kwa mwaka. Madirisha yenyewe yalitakiwa yawe ya daraja la juu kabisa la Energy Star, alama ya vifaa visivyopoteza nishati, ambalo la vioo viwili la kawaida halilifikii. Aliyotupigia hesabu yalikuwa ya vioo viwili. Leo mjadala huo umekwisha. Punguzo lilikoma kwa kazi zilizomalizika baada ya 31 Desemba 2025, na nikisikia muuzaji bado analitaja najua ana vipeperushi vya zamani au ana mengine.

Baada ya hesabu hiyo niliacha kuuliza madirisha ni bei gani, nikauliza baridi inaingilia wapi. Mjini kuna huduma ya ukaguzi wa nishati majumbani inayoendeshwa na Center for Energy and Environment, shirika lisilo la faida, kwa kushirikiana na kampuni za gesi na umeme. Ada yao ni ndogo ukilinganisha na wanachokueleza. Alikuja dada mmoja na mwenzake, wakafunga mlango wa mbele kwa turubai jekundu lenye feni kubwa katikati. Feni ikawashwa kuvuta hewa kutoka ndani kwenda nje, hivyo kila tundu la nyumba likawa linanyonya baridi kwa nguvu. Alikuwa na kijibomba cha moshi cha kutafutia nyufa. Mke wangu akaingia chumbani akarudi na udi, akauwasha. Yule dada akacheka akasema huo ni bora kuliko wake, harufu yake ni nzuri na hauishi haraka.

Tukazunguka nyumba nzima tukiufuata moshi wa udi. Kwenye madirisha uliyumba, ndiyo, hasa pale mabawa mawili yanapokutana katikati na kwenye kona ambako kamba hupita. Lakini kwenye soketi za umeme za ukuta wa nje ulilala kabisa. Pale mbao za sakafu zinapokalia msingi, chini, ulipinda kama kuna mtu anaupuliza. Na kwenye kile kifuniko cha kupandia darini, ulipotea. Haukuyumba, uliondoka. Yule dada akapanda ngazi na tochi, akashuka na vumbi kichwani, akasema kuzunguka bomba la moshi kuna uwazi anaoweza kupitisha mkono mpaka kwenye kiwiko, na sufi ya kuzuia joto imelala na kuwa nyembamba, haifiki nusu ya kinachotakiwa na kanuni za ujenzi za sasa.

Halafu akanieleza jambo ambalo kwangu ndilo lililokuwa na thamani kuliko vifaa vyake vyote. Hewa ya moto hupanda. Ikipata tundu darini inatoka, na ikitoka lazima nyumba ivute nyingine badala yake, nayo huvutwa kutoka chini, kwenye sakafu na madirisha ya sebuleni. Baridi unayoihisi miguuni ukiwa umekaa karibu na dirisha yaweza kuwa imeitwa na tundu lililo juu ya kichwa chako. Tena kuna baridi isiyotokana na tundu lolote: kioo kikiwa baridi, hewa inayokigusa inapoa, inakuwa nzito, inateremka kando ya ukuta na kupita vifundoni mwako. Unaapa dirisha linavuja, kumbe limefungwa vizuri. Ndiyo maana dirisha hubebeshwa lawama zote. Lina mwanga, lina barafu, unaligusa, majirani wanaliona kutoka barabarani. Dari hakuna anayepanda kuiangalia, na sijawahi kuona tangazo la televisheni la matundu ya dari.

Tulilipa pungufu ya dola 4,000, mafundi wakaziba matundu kwa povu na karatasi za bati kuzunguka bomba la moshi, wakapuliza selulosi darini, ambayo ni magazeti ya zamani yaliyosagwa na kutiwa dawa ya kuzuia moto. Kazi iliisha siku hiyo hiyo. Majira ya baridi yaliyofuata mtambo wa joto ulikuwa unanyamaza kwa muda mrefu kati ya kuwaka na kuwaka, na hilo tulilisikia kabla bili haijaja kutuhakikishia.

Hata hivyo sijasema madirisha yaachwe. Kuna sababu za kubadilisha dirisha zisizohusiana na gesi, na hizo ndizo ninazoziamini. Ya kwanza ni risasi, ile ya kwenye rangi. Nyumba za Marekani zilizojengwa kabla ya 1978 zinadhaniwa kuwa na rangi yenye risasi mpaka kipimo kikatae, na dirisha la kupanda na kushuka linasugua rangi hiyo kila linapofunguliwa. Vumbi linatua kizingitini, mtoto anashika, mtoto ananyonya vidole. Tulipima chumba cha watoto na kipimo hakikukataa. Madirisha mawili ya chumba hicho yaling'olewa pamoja na fremu, na mkandarasi mwenye cheti cha kazi za risasi, kama sheria ya tangu 2010 inavyotaka, plastiki sakafuni na barakoa usoni. La jikoni lilikuwa limeoza kwa mvuke wa maharage, la bafuni kwa mvuke wa maji ya moto, nayo yakaenda.

Ya pili ni moto. Mpwa wangu aliyekuja kusoma analala chumba cha chini ya ardhi, kama wanavyolala ndugu na jamaa katika nyumba nyingi za watu wetu hapa, maana wageni ni wengi na vyumba vya juu ni vichache. Kile chumba kilikuwa na kidirisha cha kupitisha paka. Kanuni za ujenzi zinataka chumba cha kulala kiwe na dirisha la kutokea: upana ulio wazi usiopungua sentimita 51, kimo sentimita 61, eneo la wazi kwa jumla kama nusu mita ya mraba, na kizingiti chake kisizidi sentimita 112 kutoka sakafuni. Kuukata ukuta wa msingi, kuchimba shimo nje, kuweka mfereji wa maji na ngazi, kulitugharimu karibu dola 6,000. Ni dirisha ghali kuliko yote tuliyonunua na halitarudisha hata senti moja. Yule kijana wa kotesheni ya kwanza hakuteremka kule chini kabisa. Katika madirisha yake 17, hilo halikuwemo.

Yaliyobaki tulimpa yule seremala. Mzee wa makamo ya baba yangu, mkimya, alikuja na kisu cha kukwangulia, akachoma ncha yake kwenye mbao za kila dirisha na kusikiliza. Mbao hizi, alisema, hazipatikani tena dukani. Miaka ya mwisho ya karne ya 19 na ya mwanzo ya karne ya 20 Minneapolis ulikuwa mmoja wa miji mikubwa ya kupasua mbao duniani. Magogo ya msonobari yalielea kwenye Mississippi kutoka misitu ya kaskazini, miti iliyokua polepole kwa karne mbili tatu, pete zake zimebanana. Sisi tuliokulia kwenye milango ya mvule hatuhitaji kuelezwa sana jambo hilo.

Alifungua kibao kidogo ubavuni mwa fremu ambacho sikuwahi kujua kinafunguka. Ndani ya ukuta palikuwa na uwazi mrefu, na humo chuma cha uzito kimelala chini, kamba yake imekatika. Kumbe kila bawa la dirisha lilikuwa limefungwa kamba zinazopita kwenye kapi juu na kushikilia vyuma ambavyo kwa jumla vina uzito ule ule wa bawa. Ndiyo maana watu wa 1924 waliweza kulipandisha kwa kidole kimoja, na sisi tulikuwa tukiliegemeza kwa kipande cha ubao. Alibadilisha kamba, akalainisha puti ya zamani kwa mvuke bila kurusha vumbi, akarudishia vioo kwa puti mpya, akachonga mfereji kuzunguka mabawa na kutia utepe wa kuziba hewa. Yale ya nje ya alumini aliyatengeneza mpira na kufuli. Bei yake ilikuwa kati ya dola 450 na 700 kwa dirisha, kutegemea ubovu, na alifanya machache kila mwaka kwa kuwa hakuwa na haraka na sisi hatukuwa na pesa zote. Ukiwa na dirisha la mbao lililozibwa vizuri na la dhoruba lililo zima, umeyakaribia ya kisasa kuliko wauzaji wanavyopenda ujue.

Jirani zetu wa mitaa michache kutoka hapa hawakulipa chochote. Wako chini ya njia ya ndege, na mamlaka ya viwanja vya ndege ya eneo hili imekuwa na mpango tangu 1992 wa kuzipunguzia kelele nyumba zilizo ndani ya mistari yake ya ramani: madirisha, milango, viyoyozi. Mstari unapita kwa vitalu. Huyu amepata, anayemtazama ng'ambo ya barabara hakupata. Sisi tuko nje ya mstari, ingawa ndege tunazisikia vizuri tu.

Tangu habari hizi zienee, watu huniletea mikataba yao nisome, kama vile nimekuwa wakili. Naangalia vitu vichache. Kama mkataba ulisainiwa nyumbani, sheria ya Marekani inampa mnunuzi hadi usiku wa manane wa siku ya tatu ya kazi kuuvunja bila kutoa sababu, na muuzaji anatakiwa amwachie fomu ya kufanyia hivyo. Jumamosi inahesabiwa kuwa siku ya kazi, jambo ambalo limempunguzia mama mmoja muda aliodhani anao. Naangalia namba ya leseni ya jimbo na kuitafuta. Naangalia nani atachukua kibali cha jiji. Na naangalia kile kifungu kinachokera kuliko vyote: Minnesota, fundi mdogo au duka la vifaa wasipolipwa na mkandarasi wako wanaweza kuiwekea nyumba yako madai, hata kama wewe umeshamlipa mkandarasi yote. Onyo hilo lazima liandikwe kwenye mkataba, na limeandikwa, kwa lugha ambayo mtu aliyetoka zamu ya usiku katika nyumba ya wazee haisomi. Dawa yake ni karatasi: kila malipo ya mwisho yashikane na hati iliyosainiwa na hao wadogo kwamba wamelipwa na hawadai.

Bado madirisha mawili ya sebuleni, makubwa, yanayotazama kaskazini. Hayajaoza. Seremala ameyatengeneza, udi hauyumbi. Lakini kioo ni kioo, na usiku wa Januari mama mkwe akija kutoka Muheza hukaa kwenye kochi la upande ule na khanga mbili juu ya blanketi. Tumekubaliana yabadilishwe, faibaglasi, vioo vitatu, fremu ing'olewe yote, kwa kampuni iliyotuandikia dola 4,300 kwa yote mawili na bei ikabaki hiyo hiyo wiki mbili baadaye. Mke wangu aliuliza yatarudisha pesa baada ya miaka mingapi. Nikamwambia hayatarudisha, tunanunua kochi ambalo mama anaweza kulikalia. Akasema basi wasaini wao kwanza.